Kazi karibu na antena za simu: maswali ya mafundi na majibu

Fundi wa minara kwa kawaida amefunzwa kazi yake. Walio hatarini zaidi ni wengine: mpaka rangi, fundi wa viyoyozi, anayeziba paa linalovuja, msafisha vioo vya ghorofa. Hao hukutana na antena wakiwa katika shughuli nyingine kabisa, na mara nyingi hakuna aliyewaambia lolote. Majibu haya yanaanza na wao.

Mawimbi ya antena yanadhuru mwili kwa njia gani?

Kwa joto. Nishati ya mawimbi ya redio ikiingia mwilini hugeuka joto, tena si juu ya ngozi tu bali hata ndani ya nyama. Mwili wenyewe hujipoza, damu ikilisambaza joto na jasho likilitoa. Shida huanza joto linapoingia kwa kasi kuliko linavyotoka. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza, na korodani hazivumilii joto. Kwa hiyo anayepigwa na mawimbi makali sana anaweza kupata mtoto wa jicho, au mbegu zake za kiume zikapungua kwa muda.

Mawimbi haya si kama eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba, na hayajilimbikizi mwilini: ukiondoka, joto hutoka na mawimbi hayabaki.

Na saratani?

Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni haba. Ushahidi huo ulitoka hasa kwa watu waliotumia simu wakiwa wameibana sikioni, si kwa mafundi wa antena. Suala halijafungwa. Hata hivyo, anayepanda paa leo ana hatari mbili zilizo wazi zaidi, nazo ni kuungua na kuanguka.

Kiwango cha mwisho ni kipi?

Nchi nyingi hufuata miongozo ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi kama hii, iliyotolewa upya mwaka 2020. Nyingine zina sheria kali zaidi, kwa hiyo ulizia ya kwenu. Tume hiyo ilianza na wati 4 kwa kila kilo ya mwili, kiasi kinachoweza kupandisha joto la ndani la mwili kwa takriban nyuzi 1. Ikakigawa kwa 10: mfanyakazi asizidi wati 0.4 kwa kilo, kwa wastani wa dakika 30. Kwa umma kikagawanywa tena kwa 5, kikawa wati 0.08. Mwili uliopumzika hutoa wenyewe takriban wati 1 kwa kilo, basi utaona kuwa kuvuka mstari kidogo si kufa papo hapo. Lakini nafasi hiyo ya usalama iliachwa kwa ajili ya jua kali, nguo nzito na mwili uliochoka, hali ambazo kila fundi wa paani anazijua.

Kumbuka jambo moja: kiwango cha mfanyakazi ni cha mtu aliyefunzwa na anayejua alipo. Mpaka rangi asiyeambiwa kitu anahesabiwa kuwa mtu wa umma, hata kama yuko kazini. Mjamzito pia hulindwa kwa kiwango cha umma, kwa sababu ya mtoto aliye tumboni.

Nikae umbali gani?

Hakuna namba moja. Hutegemea nguvu ya mtambo, masafa ya mawimbi (yaani yanatetema mara ngapi kwa sekunde) na umbo la antena. Antena za bapa, zile ndefu kama ubao, hutupa mawimbi mbele. Nyuma yake huwa hafifu sana. Mbele yake, eneo la kukatazwa linaweza kuwa mita kadhaa. Za fimbo hutupa pande zote. Ukiongeza umbali mara mbili, ukali hushuka hadi nusu au hata robo, hivyo hatua chache za kurudi nyuma zina faida kubwa. Kwa antena za umbo la sahani zinazotazamana kutoka jengo hadi jengo, usisimame katikati ya njia yake.

Mwenye antena anapaswa kuwa na mchoro wa maeneo hayo. Uombe kabla ya kufungua ngazi. Uliza pia kama kuna antena zilizofichwa, maana nyingine hufunikwa kwa paneli zilizopakwa rangi ya ukuta, nawe ukaegemea ukidhani ni bomba la moshi.

Nitajuaje kama imezimwa?

Kwa macho na masikio huwezi. Antena haiwaki taa wala haivumi inaporusha mawimbi. Simu yako kukosa mtandao si uthibitisho pia, kwani paa moja hubeba mitambo ya kampuni kadhaa na huenda iliyozimwa ni moja tu. “Nimewapigia, wamesema wamezima” haitoshi. Pata kibali cha maandishi kinachotaja kila mtambo, saa ya kuzima na saa ya kuwasha, swichi ifungwe kwa kufuli na lebo, kisha pima. Kipo kipimo cha kuvaa kifuani kinacholia mawimbi yakizidi; kinaokoa, ila hakikisha kinapima masafa ya mitambo iliyopo. Miwani ya jua, glavu na barakoa za kawaida hazizuii chochote hapa.

Mnara ukibeba pia mitambo ya redio ya FM, tahadhari mara dufu: nguvu yake huwa kubwa zaidi, na kushika chuma kilicho karibu kunaweza kukuunguza mkono.

Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Usikaribie kabla daktari wako na msimamizi hawajazungumza. Mawimbi makali yanaweza kukivuruga. Mwenye chuma mwilini, kama vile cha kuunga mfupa, naye aseme mapema.

Nimehisi joto lisilo la jua. Nifanyeje?

Shuka, au rudi nyuma ya antena, mara moja. Usingoje umalize tabaka la mwisho la rangi. Palipoungua papoze kwa maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama ngozi inaonekana nzima, kwa sababu nyama ya ndani inaweza kuwa imeungua zaidi ya inavyoonekana. Jicho likiuma au kuona kukififia, lichunguzwe na daktari wa macho. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha mawimbi uliyopata, hivyo daktari atategemea maelezo yako: ulikuwa mbele au nyuma, umbali gani, kwa muda gani, mtambo wa nani. Andika siku hiyohiyo, na msimamizi apate nakala.