Kufuli la tovuti: wanavyodhani wengi na ukweli ulivyo

"Ina https, kwa hiyo mwenyewe ni mkweli." Hapana. Https huonyesha kwamba tovuti ina cheti, yaani hati ya kidijitali ya kuitambulisha. Cheti kinathibitisha kwamba seva (kompyuta inayobeba tovuti) unayowasiliana nayo ndiyo yenye jina lililoandikwa pale juu, basi. Tapeli akisajili jina linalofanana na la benki yako, tofauti herufi moja, atapata cheti halali kwa dakika chache, tena bure. Siri zako zitasafiri salama salimini mpaka mikononi mwake. Mwaka 2023 Chrome iliondoa alama ya kufuli kwa sababu watu waliielewa vibaya. Isome anwani kutokea mwisho wa jina: ikianza na jina la benki na co.ug, kisha ikaendelea kwa nukta, neno jingine na .com, tovuti ni ya huyo wa .com. Na PIN ya pesa za simu usiiandike kwenye tovuti yoyote.

"Duka langu la mtandaoni, la hapa soko la Kikuubo, ni dogo, cheti cha nini?" Mteja akiagiza kwa Wi-Fi ya mkahawa pale Kampala, bila cheti aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kusoma nywila yake, au kubadilisha namba ya malipo kabla ukurasa haujamfikia.

"Cha bei ghali hufunga zaidi." Usimbaji, yaani kuficha data njiani, ni uleule. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti bure tangu 2015. Cha kulipia huenda kikahakiki kampuni yako, lakini mnunuzi haoni tofauti.

"Ukishakiweka, umemaliza." Hapa ndipo wengi huumia. Cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90, na muda mrefu kabisa ambao cheti chochote kinaruhusiwa kudumu unapunguzwa: siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, na 47 kuanzia Machi 15, 2029. Mkono hautaweza, weka usasishaji wa kujiendesha, ukijaribu kwa amri `certbot renew --dry-run` (Certbot ni programu ya kuchukua na kusasisha vyeti). Mara nyingi hukwama kwa sababu mlango wa 80 (njia ya seva ya kupokea http ya kawaida) umefungwa au jina limehamishiwa seva nyingine. Wakati mwingine cheti kipya kimeshaingia, ila hakuna aliyeiambia seva ikisome, nayo inaendelea kuonyesha kilichokufa. Tovuti ikifunguka kwenye kompyuta huku simu zikiikataa, shuku cheti cha kati kilichosahaulika, yaani kile kinachounganisha cheti chako na mtoaji anayeaminiwa na simu. Simu moja tu ikilalamika, tazama kwanza tarehe yake.