Si kila madini ni mali ya kuuza

Tukisikia neno madini, wengi wetu tunawaza dhahabu, almasi au tanzanaiti. Kwa wanajiolojia, madini ni kitu chochote cha asili kilicho kigumu, chenye kemia na mpangilio maalumu wa atomi, hata chumvi ya mezani.

Tazama machimbo ya Lengenbach, katika bonde la Binn huko Uswisi. Kwa mbali ni mwamba mweupe tu wa dolomaiti, unaomeguka kama sukari. Ndani yake zimepatikana aina zaidi ya 100 za madini, na zaidi ya 30 kati ya hizo zilitambuliwa hapo kwa mara ya kwanza duniani. Milima ya Alps ilipokunjwa, joto na mgandamizo viliyayusha na kuyapanga upya madini ya risasi, aseniki, salfa na thaliamu yaliyokuwamo. Fuwele nyingi ni za milimita chache, huonekana vizuri kwa lenzi tu. Hachinsonaiti, mojawapo, ina thaliamu na aseniki, sumu mbili kali. Hakuna anayeiyeyusha apate utajiri, lakini kwangu ni hazina kweli.

Na ile njano inayong'aa mle kama dhahabu? Si dhahabu; ni pairaiti, madini ya chuma na salfa.