22/7 si pai: namba wiani na zisizo wiani

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hufika kidato cha kwanza wakiamini kwamba namba isiyo wiani ni ile ambayo desimali zake hazina mwisho. Ni kweli kwamba hazina mwisho, lakini hiyo haitoshi kuitambulisha.

Namba wiani ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu yenye kiasi na asili ambazo ni namba kamili, asili isiwe sifuri. Basi 1/7 ni namba wiani, ingawa desimali zake hazikomi: 0.142857142857… Gawanya kwa mkono nawe utaona sababu. Mtu anapogawanya kwa 7, baki haliwezi kuzidi 6, na kwa kuwa hapa sifuri haitokei, baada ya hatua sita ni lazima baki lililokwisha kupita lirudi, na likirudi, tarakimu zote zilizolifuata mara ya kwanza hurudi kwa mpangilio uleule. Desimali ya namba wiani ama hukoma, ama hujirudia. Ya namba isiyo wiani haikomi wala haijirudii.

Kikokotoo hakiwezi kutuamulia jambo hili, kwa sababu hata tarakimu milioni moja zisizojirudia hazizuii mrudio kuanza mbele zaidi. Panahitajika uthibitisho. Kwa upande wa pai, aliyeutoa ni Johann Heinrich Lambert mwaka 1761. Ile 22/7 tunayoitumia darasani ni kadirio tu, maana ni 3.142857… ilhali pai ni 3.14159… Uthibitisho wa Lambert ni mgumu kwa wanaoanza, kwa hiyo mimi hupendelea kipeuo cha pili cha 2, na huanza na karatasi ya A4.

Karatasi hiyo ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210. Vipimo vya aina hii vilikusudiwa kwamba ukiikata karatasi katikati ya urefu wake, kila nusu ibaki na umbo lilelile, na sharti hilo hutimia pale tu urefu ukigawanywa kwa upana unapotoa kipeuo cha pili cha 2. Rahisisha 297/210 upate 99/70. Kama sehemu hiyo ingekuwa kipeuo cha pili cha 2 hasa, mraba wa kiasi ungelingana na mraba wa asili ukizidishwa kwa 2. Mraba wa 99 ni 9801, na mraba wa 70 ukizidishwa kwa 2 ni 9800. Imekosekana 1 tu!

Je, ipo sehemu isiyokosea hata hiyo moja? Haipo. Changanua namba yoyote kuwa zao la namba tasa, kisha itafutie mraba: idadi ya 2 ndani ya mraba huo ni shufwa daima, kwa kuwa kila 2 imeingia mara mbili. Mraba wa kiasi, basi, una 2 za idadi shufwa, ilhali mraba wa asili ukizidishwa kwa 2 una idadi witiri. Namba moja haiwezi kuwa na michanganuo miwili tofauti, kwa hiyo pande hizo mbili hazilingani kamwe.

Kukaribia, hata hivyo, hakuna kikomo. Ukiwa na kiasi 99 na asili 70, kiasi kipya ni 3×99 + 4×70, yaani 577, na asili mpya ni 2×99 + 3×70, yaani 408. Mraba wa 577 ni 332929. Mraba wa 408 mara mbili ni 332928. Hatua inayofuata kwa kanuni hiyohiyo ni 3363/2378, na tofauti bado ni 1.