Kupokea ujumbe si kuufuta: dhana potofu kuhusu foleni za wingu

Mteja wa duka la mtandaoni nililokuwa nikilitengenezea mfumo alilipa kwa simu mara moja, akapata SMS mbili za "malipo yako yamepokelewa", na pointi zake zikaongezwa mara mbili. Siku za kawaida mambo yalikwenda sawa. Tatizo lilijitokeza mwisho wa mwezi tu, watu wakishapokea mishahara. Nilikesha siku mbili nikiukagua msimbo wa kutuma SMS, nao haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye imani yangu kuhusu foleni. Tangu hapo nimezikuta imani hizohizo kwa watengeneza programu wengi, na kwa kuwa mara nyingi zinagusa hela za watu, nimeona niziandike.

Nitazungumzia Amazon SQS, huduma ya wingu ya Amazon ya kuhifadhi jumbe kwenye foleni, ambayo ipo rasmi tangu 2006. Programu moja inaweka ujumbe, nyingine inauchukua kwa wakati wake. Taarifa ya malipo ikifika kwenye seva yako, seva inaiweka kwenye foleni na kujibu papo hapo. Kutengeneza risiti, kupunguza stoo na kutuma SMS inabaki kazi ya programu ya nyuma.

"Nikishapokea ujumbe, umetoka kwenye foleni."

Hapana. Ukiita ReceiveMessage, yaani amri ya kupokea, ujumbe unafichwa tu ili wengine wasiuone kwa muda. Usipobadilisha kitu, muda huo ni sekunde 30, na unaweza kuuongeza hadi saa 12. Ukimaliza kazi ni lazima uufute mwenyewe kwa DeleteMessage. Usipoufuta, muda ukiisha unaonekana tena na mwingine anauchukua. Imewekwa hivyo kwa sababu nzuri: programu inaweza kuzimika katikati ya kazi, na kama ujumbe ungefutika pale tu unapopokelewa, malipo ya mtu yangepotea bila alama.

Sasa tazama msimbo huu wa Python (boto3 ni maktaba ya kuzungumza na huduma za Amazon), unaofanana na ule wangu wa wakati ule:

```
import boto3

sqs = boto3.client("sqs")

while True:
    jibu = sqs.receive_message(
        QueueUrl=FOLENI,
        MaxNumberOfMessages=10,
        WaitTimeSeconds=20,
    )
    for ujumbe in jibu.get("Messages", []):
        shughulikia(ujumbe["Body"])
        sqs.delete_message(
            QueueUrl=FOLENI,
            ReceiptHandle=ujumbe["ReceiptHandle"],
        )
```

Unafuta baada ya kushughulikia, na huo ndio mpangilio sahihi. Lakini unachukua hadi jumbe 10 kwa mkupuo, na saa ya kufichwa inaanza kuhesabu kwa zote 10 kwa pamoja. Kila risiti ilikuwa inanichukua kama sekunde 5. Nilipofika ujumbe wa saba, sekunde 30 zilikuwa zimekwisha. Nakala ya pili ya programu yangu, iliyokuwa kwenye seva nyingine, ilikuwa tayari imeuokota. Siku tulivu jumbe zilikuja mbili au tatu, zote zikawahi. Ndiyo maana hitilafu ilisubiri mwisho wa mwezi.

Dawa yake ni kupima muda wa kazi ya kundi zima, kisha kuweka VisibilityTimeout (ule muda wa kufichwa) inayouzidi kwa nafasi ya kutosha, au kuchukua jumbe chache zaidi. Kazi isiyotabirika muda wake inaweza kujiongezea muda ikiwa njiani, kwa ChangeMessageVisibility. Angalia pia kwamba kufuta kunatumia ReceiptHandle, yaani kitambulisho cha kule kupokea, wala si MessageId, kitambulisho cha ujumbe wenyewe. Ujumbe ukipokelewa upya unapewa ReceiptHandle mpya, hivyo usiihifadhi ya zamani ukitegemea itakufaa baadaye.

"Kila ujumbe unafika mara moja tu."

Hata ukirekebisha muda, foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja. Nakala zake zinawekwa kwenye seva kadhaa, na seva mojawapo ikiwa haipatikani wakati unafuta, inaweza kukuletea ujumbe uleule tena. Ni nadra, lakini kwenye hela nadra haitoshi.

Kwa hiyo andika kazi inayoweza kurudiwa bila madhara. Malipo ya simu yana namba yake ya muamala. Iweke kwenye jedwali lisiloruhusu namba kujirudia, ndani ya operesheni ileile ya hifadhidata inayoongeza pointi. Ikiwa namba ipo tayari, usiongeze kitu, futa ujumbe na uendelee. Wapo wanaotumia MessageId kama ufunguo. Usifanye hivyo: mtumaji akikosa jibu kwa sababu ya mtandao na kutuma tena, malipo yaleyale yanaingia na MessageId nyingine kabisa.

SMS ni ngumu zaidi, kwani ikishakwenda hairudi. Nilikubali kwamba mara chache sana mteja atapata SMS mbili, ila pointi na stoo zisirudiwe kamwe.

"Basi nitatumia foleni ya FIFO, yaishe."

Foleni za FIFO ("first in, first out", wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka) zilikuja mwaka 2016, na zinasaidia kweli: zinatunza mpangilio na kukataa ujumbe uliotumwa mara mbili. Lakini kukataa huko kunahusu dirisha la dakika 5. Na programu ikishatuma SMS kisha ikazimika kabla ya kufuta, ujumbe utarudi vilevile. Jambo jingine ni kwamba mpangilio unatunzwa ndani ya kundi, yaani MessageGroupId. Ukiupa mfumo mzima kundi moja, ujumbe mmoja uliokwama unawazuia wateja wote walio nyuma yake. Tumia namba ya oda kama kundi: jumbe za oda moja zitafuatana, na oda nyingine zitapita.

"Jibu tupu, foleni tupu."

Bila WaitTimeSeconds, yaani sekunde za kusubiri ujumbe ufike, SQS inauliza baadhi tu ya seva zake, kwa hiyo inaweza kujibu kwamba hakuna kitu wakati kipo. Weka 20, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Utapunguza na gharama pia, maana hata ombi lililorudi mikono mitupu linahesabiwa.

"Jumbe zitanisubiri."

Zitakusubiri siku 4 usipobadilisha kitu. Hebu hesabu wikendi ya Pasaka: programu inazimika Alhamisi jioni watu wakishatoka ofisini, inafuata Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili, kisha Jumatatu ya Pasaka. Jumatatu jioni jumbe za kwanza zinaanza kufutwa, na Jumanne asubuhi mnarudi kazini malipo ya Alhamisi hayapo tena. Pandisha MessageRetentionPeriod, muda wa kutunza jumbe, hadi siku 14, kikomo chake.

"Ujumbe mbovu utajiondoa wenyewe."

Ujumbe unaoangusha programu yako utarudi kila muda wa kufichwa ukiisha, uiangushe tena, hadi siku zake ziishe. Tenga foleni ya pembeni ya jumbe zilizoshindikana, na kwa maxReceiveCount uamue ujumbe upokelewe mara ngapi kabla ya kuhamishiwa huko. Mimi naweka 5. Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba kwa foleni za kawaida, umri wa ujumbe hauanzi upya ukihamishwa. Unahesabiwa tangu ulipowekwa mara ya kwanza. Foleni kuu ikiwa na siku 14 na ya pembeni siku 4, ujumbe uliohama siku ya tano unafutwa kabla hujauona. Ipe ya pembeni siku 14, na uiwekee kengele inayolia ukiingia hata ujumbe mmoja, kwa sababu ujumbe huo mmoja ni mteja aliyelipa na bado hajapata risiti yake.