Usipige Kelele: Filamu Nne Zinazoogopa Sauti

Kazi yangu ni sauti. Nachanganya sauti za filamu fupi, matangazo ya redio na, mwezi ukiwa mgumu, video za harusi. Kwa hiyo kila inapotoka filamu ya kutisha ambayo watu wake hawaruhusiwi hata kukohoa, marafiki hunitumia ujumbe: "Umeiona? Si ni ileile ya mwaka ule?" Majuzi nikaamua kuzitazama nne kwa mfululizo: Hush (2016), A Quiet Place (2018), The Silence (2019) na A Quiet Place: Day One (2024). Ni kweli, wazo ni la ukoo mmoja. Ila kazi zilivyofanywa zimeachana mbali, na tofauti haiko kwenye madude. Iko kwenye swali moja: mtazamaji amekalishwa ndani ya masikio ya nani? Nitafichua mambo ya ndani, kwa hiyo ambaye hajaziona aamue mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kimya chenyewe. Kwenye filamu kimya si utupu. Kila chumba kina mvumo wake: friji, upepo dirishani, barabara ya mbali. Tukimaliza kupiga picha mahali, tunaomba kila mtu atulie alipo, tunarekodi mvumo huo peke yake kwa nusu dakika hivi, kisha tunautandika chini ya mazungumzo yote ya tukio lile. Ukiukata ghafla, mtazamaji hudhani spika imekufa. (Kuurekodi Kampala ni adhabu. Ukishatuliza watu, inapita boda. Boda ikipita, ndege wanaoitwa kwarara wanaanza kupiga makelele. Kwarara wakinyamaza, kanisa la jirani linajaribu vipaza sauti.)

A Quiet Place inajua jambo hili mpaka kwenye mifupa. John Krasinski aliiongoza na kuigiza baba wa familia ya Abbott, inayoishi shambani huku viumbe visivyoona vikiwinda kwa kusikia. Binti yao, Regan, ni kiziwi, na Millicent Simmonds anayemwigiza ni kiziwi pia. Wabunifu wa sauti, Ethan Van der Ryn na Erik Aadahl, ambao kazi hii iliwafikisha kwenye uteuzi wa Oscar, walijenga ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya familia: nyayo kwenye mchanga, karatasi, pumzi, vyote vikiwa vimekuzwa kuliko kawaida kwa sababu kila kimoja kinaweza kuua. Ya pili ni ya Regan akiwa amewasha kifaa chake cha kusikia: mvumo mzito wa chini, kama unaosikika kupitia ukuta. Ya tatu ni pale anapokizima, na hapo hakuna kitu kabisa. Hata mvumo wa chumba hakuna. Katika kazi yetu hiyo ni hatua ya kuthubutu, kwa sababu watu kwenye ukumbi huanza kusikia viti vyao wenyewe.

Kuna tukio kwenye shamba la mahindi ambapo dude linasimama nyuma ya Regan naye hana habari. Kifaa chake kinapiga mluzi, dude linaumia, linakimbia. Yeye hajui, sisi tunajua, na hakuna mtu aliyefungua mdomo kutueleza. Silaha itakayowaokoa mwishoni imetambulishwa kwa sauti tupu. Vilevile pale baba anapompeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji, wakapiga kelele wapendavyo: sauti yenye nguvu huifunika iliyo dhaifu, ndiyo sababu hatusikilizani tukiwa karibu na mashine ya kusaga. Mama anapojifungua, fataki zinarushwa kwa mantiki hiyohiyo. Filamu imeweka kanuni na inaitii. Lawama yangu ni moja: muziki. Marco Beltrami ni mtunzi mzuri, lakini ningekuwa kwenye meza ya kuchanganya sauti ningeukata nusu, maana kila violini inapotuambia tuogope, masikio ya Regan yanasahaulika.

The Silence ilipotoka Netflix mwaka uliofuata, watu wengi waliiita nakala. Hapo naitetea. Riwaya ya Tim Lebbon iliyoizaa ilichapishwa 2015, kabla familia ya Abbott haijafika kwenye skrini. Viumbe vinavyofanana na popo vinatoka pangoni, vinafuata sauti, na familia moja ina nafasi kwa sababu binti yao, Ally, alipoteza usikivu katika ajali ya gari na wote wakajifunza lugha ya alama. Utetezi wangu unaishia hapo. Muongozaji John R. Leonetti anatuacha karibu muda wote tukisikia kila kitu, hata pale kamera inapomtazama Ally usoni. Uziwi wake umekuwa sababu tu ya familia kujua alama, na alama zenyewe hawazitumii sana. Wananong'ona, wananong'ona tena, na popo hawaji mpaka hadithi iwahitaji. Kiernan Shipka, ambaye anasikia, alijifunza alama kwa ajili ya nafasi hiyo, na baadhi ya viziwi walilalamika kwamba nafasi ilistahili mwenzao. Ukitazama baada ya Simmonds, unaelewa malalamiko hayo bila kuelezwa. Tukio la mbwa ndani ya gari ni zuri, nakiri. Mengine tupite.

Day One ndiyo iliyonishangaza. Wengi hapa tunamfahamu Lupita Nyong'o tangu Queen of Katwe, iliyopigwa mitaani kwetu, na humu ni Sam, mgonjwa wa saratani aliyenaswa New York siku viumbe vinapoanguka kutoka angani. Filamu inafungua kwa maandishi yanayosema mji ule hutoa wastani wa desibeli 90. Kwa asiyezoea vipimo hivi: kunong'ona ni kama 30, mazungumzo ya kawaida kama 60, na kila desibeli 10 zinazoongezeka maana yake nguvu ya sauti imezidi mara 10. Kutoka 60 hadi 90 ni mara 1,000. Hesabu hiyo ina mtoto wake anayeuma zaidi. Watu 1,000 wakinong'ona kwa pamoja, wote wakiwa umbali uleule kutoka kwako, wanafika kwenye sauti ya mtu mmoja anayezungumza. Muongozaji Michael Sarnoski ameifanya picha: umati unatembea kuelekea kwenye boti, kila mmoja anajitahidi kunyamaza, lakini jumla ya nyayo na pumzi zao inakuwa kishindo, na madude yanakuja. Hakuna aliyekosea. Wingi wenyewe ndio kosa. Sijaona filamu nyingine ya ukoo huu iliyofikiria hilo, na kwa mtu aliyewahi kusukumana kwenye stendi ya Old Taxi Park, Kampala, saa kumi na moja jioni, tukio lile linamkaa tumboni. Baadaye Sam na mwenzake Eric wanasubiri radi, na inapopiga wanapiga mayowe nayo. Paka wao halii hata mara moja katika filamu nzima, jambo ambalo mwenye paka yeyote atalicheka, lakini tumsamehe.

Hush haina dude. Mike Flanagan aliiandika pamoja na mkewe, Kate Siegel, anayemwigiza Maddie, mwandishi kiziwi anayeishi peke yake msituni, na muuaji amefika mlangoni. Hapa wazo limepinduliwa: mwenye kuwinda ana ruhusa ya kupiga kelele zote anazotaka, na anayewindwa ndiye asiyesikia. Mwanzoni jirani yake anagonga mlango wa kioo kwa nguvu zake zote, damu inamtoka, huku Maddie amegeuka upande wa pili jikoni. Hofu ya tukio lile imekaa ndani ya fremu. Sauti inasaidia, lakini ungeizima kabisa bado ungetaka kumrushia Maddie kitu ageuke.

Hili nililihakiki mahali pa kelele kuliko pote, yaani kibandani, ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu. Kibanda cha mtaani kwetu kina bati juu, jenereta nje na VJ ndani. Kwa ndugu zetu wa nchi nyingine: VJ ni mtu anayetafsiri filamu kwa Kiganda huku ikiendelea, na anayeongeza chumvi yake, VJ Jingo na VJ Junior ni majina makubwa kuliko waigizaji wengi wanaowatafsiri. Kila anapofungua mdomo, sauti ya filamu inashushwa. Sasa mpe mtu kama huyo A Quiet Place, ambamo karibu hakuna anayesema. VJ alijaza. Baba akionyesha ishara, VJ anamsemea. Mama akifumba mdomo kwa uchungu, VJ anamlilia. Dude likipita ukumbini, VJ analitukana. Zile ngazi tatu za akina Aadahl zilikwisha palepale. Mvumo wa chini wa Regan uko kwenye masafa yaleyale ya jenereta, kwa hiyo ulimezwa mzima mzima. Watu walifurahi sana, lakini walichofurahia ni vichekesho vya VJ. Pembeni yangu alikaa kijana kiziwi aliyekuwa akisoma maandishi chini ya skrini. Nadhani ndiye pekee aliyeitazama filamu iliyotengenezwa. Tena lugha ya alama inayotumiwa na familia ya Abbott ni ya Kimarekani, si lugha moja na ya viziwi wa Uganda, ambayo Katiba ya 1995 ilishaitambua.

The Silence, kinyume chake, haikupoteza kitu kibandani, na hilo kwangu ni hukumu. Hush ilisimama imara, watu walimpigia Maddie kelele ageuke. Kwa hiyo ukiuliza ipi nzuri, nitakuuliza utaitazamia wapi. Day One na A Quiet Place zitafutie hedifoni nzuri, usiku, na kwenye runinga uzime ile programu inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, kwa sababu inaua kazi yote. Hush tazama popote, hata kwenye simu ndani ya basi la Gulu.

Ninachosubiri ni mtu wa kwetu aitengeneze ya kinyume: dude linaloshambulia pale kelele zinapokatika. Kampala ingekuwa salama mpaka umeme uondoke na mafuta ya jenereta yaishe. Mwenye skripti ya namna hiyo anitafute. Mvumo wa chumba nitarekodi bure.