Kikundi cha kuacha pombe Mwanza: uulize wapi, uulize nini

Ukiuliza hapa Mwanza wanaoacha pombe wanakutana wapi, utaelekezwa kila mahali. Mmoja atakutajia nyumba ya upataji nafuu, ambako mtu analazwa miezi kadhaa na familia inalipa. Mwingine atataja kliniki ya methadoni, ambayo ni ya waraibu wa heroini na haimsaidii mraibu wa pombe. Wa tatu atakupeleka kwenye maombi. Kikundi ninachokizungumzia ni kitu kingine: watu waliokuwa wanakunywa, wanaokaa pamoja kama saa moja kila wiki, wanazungumza, wanaondoka. Hakuna daktari, hakuna kulala.

Lakini mwili kwanza. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe tena kidogo, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja zaidi kati ya saa 12 na 48. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata siku ya pili hadi ya nne, na hatua hiyo inaua. Ni hapo ndugu husema karogwa, wakapoteza siku nzima kwa mganga. Mpeleke Sekou Toure, Bugando au hospitali yoyote iliyo karibu, na useme wazi anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Atapewa dawa kama diazepamu kwa dozi inayoshushwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Gongo haina kipimo kwenye chupa, kwa hiyo taja ujazo: nusu lita, lita.

Akishatulia, muulize muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Huyu ndiye anayejua vikundi vilivyo hai, kwa sababu wagonjwa wake wanakwenda huko na kurudi na habari. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Nyamagana au Ilemela, ni wa pili. Kwenye parokia uliza ni nani anayetumia ukumbi jioni. Kikundi kinaweza kukutana kanisani bila kuwa cha kanisa.

Ukipata namba ya simu, uliza mambo haya kabla ya kupanda daladala. Kuna ada? Alcoholics Anonymous, iliyoanza Marekani mwaka 1935 na ambayo vikundi vingi duniani vimeiga, haitozi kitu. Kofia inapitishwa, mwenye chochote anaweka. Sharti lake la kuingia ni moja tu: nia ya kuacha. Majina yanaandikwa? Kuna wanawake? Hili la mwisho lina uzito kwetu. Mama anayepika gongo ili alipe ada za watoto hawezi kufunguka mbele ya wateja wake. Kama hakuna kikao cha wanawake, aombe hata mwanamke mmoja wa kuzungumza naye pembeni.

Halafu saa. Chagua kikao kinachoangukia saa zako za kunywa. Mpakuaji samaki wa Mwaloni, Kirumba, aliyeanza kazi alfajiri, mchana yuko huru na ana pesa. Kikao cha saa 12 jioni kitamkuta kalewa. Mvuvi wa dagaa anavua kwa taa siku za giza, mbalamwezi ikiwaka anapumzika. Hizo siku za mbalamwezi ndizo hatari zake, kwa hiyo akiwa nchi kavu ahudhurie kila kikao anachoweza, na akienda kambini awe na namba mbili tatu za wenzake. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hana tena sababu ya kuogopa kukosa kivuko cha kurudi.

Siku ya kwanza unaweza kutaja jina moja tu, au kusema "napita", yaani zamu yako iende kwa mwingine. Usihukumu kwa kikao kimoja. Nenda vinne au vitano. Ukiwa umekunywa nenda hivyohivyo, ila kaa usikilize.

Kinachoua vikundi huku kwetu, kwa maoni yangu, ni kugeuzwa vikoba. Watu wanakutana kila wiki, wanaaminiana, mtu anasema tukopeshane. Miezi mitatu baadaye mwenye deni anaona aibu kuja, na mahali pekee asipodaiwa ni kilabuni. Mkitaka kuweka akiba, wekeni kwingine, na watu wengine.

Ndugu nao wana kosa lao: unga wa kuachisha pombe unaotiwa kwenye chai kwa siri. Kama ndani yake kuna disulfiramu, mtu akinywa pombe juu yake presha inaweza kushuka na moyo kwenda mbio hadi hatari. Dawa hiyo hutolewa na daktari, mgonjwa akijua.

Kama mtaani kwenu hakuna kikundi, watu wawili wanatosha kuanza. Siku ileile, saa ileile, chumba kisichopakana na kilabu. Kila mmoja dakika tano bila kukatizwa, na ufunguo abaki nao mtu mmoja. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa kwamba mnakutana, asije akashtukia mkusanyiko; orodha ya majina msimpe.