Je wajua kwanini mtoto wa nje ya ndoa anatawala movi za zamani za urithi?

Kuna movi ya Denmark ya 1974 inaitwa I Tyrens tegn, maana yake kwenye nyota ya Ng'ombe, ni vichekesho vya wakubwa tu, watoto wakae mbali. Stori imewekwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwenye kamji kadogo, kabaila mmoja tajiri anafariki afu wosia wake unasema mali iende kwa mtoto wa kwanza kuzaliwa nje ya ndoa chini ya nyota ya Ng'ombe. Sasa piga hesabu, nyota hiyo inaanza kama tarehe 20 Aprili mpaka 20 Mei, rudi nyuma miezi tisa, mimba lazima itungwe kati ya mwisho wa Julai na Agosti, halafu wenyewe wasiwe wameoana! Ndo hapo mji unapochanganyikiwa.

Lakini kwanini waliirudisha stori nyuma miaka yote hiyo? Kwasababu enzi zile mtoto wa nje hakuwa na haki ya urithi kwa baba. Denmark walimpa haki ya kumrithi baba yake kwa sheria ya 1937, kwahiyo kabla ya hapo wosia kama ule ulikuwa unapindua dunia, yule anayeitwa haramu ndo anageuka dhahabu na watoto wa ndoa wanabaki wanatoa macho. Ukiiweka 1974 utamu wote unaisha.

Na uthubutu wa kuonyesha mambo ya chumbani waliupata 1969, Denmark ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha picha za ngono, mwaka huohuo na udhibiti wa filamu za watu wazima ukafutwa.

Mimi kinachoniuma ni Ufaransa. Sheria yao ya 1804 ilikataza hata kumtafuta baba mahakamani, mpaka 1912 ndo ikalegezwa. Yaani mpaka juzijuzi tu, mama mmoja alifariki 1990 akaacha watoto wawili wa kiume, mmoja alizaliwa mama akiwa kwenye ndoa lakini baba yake hakuwa yule mume, basi wakati wa kugawana huyo akapewa robo na nduguye robo tatu, tumbo lilelile! Akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, akashinda mwaka 2000, na 2001 Ufaransa ikabadilisha sheria.